Kuhara kwa watoto Bukavu: saa za kwanza ndizo zinazoamua

BUKAVU – Mara nyingi huanza na kutapika. Mtoto wa miezi 8 aliyelala vizuri jioni anaamka usiku, anatapika maziwa ya mama, mwili una joto. Kabla ya mapambazuko tumbo nalo limefunguka: choo ni maji matupu, mara tatu, mara nne, mara sita. Awe Cimpunda, Nyamugo ama Panzi, mama anayemshika mtoto huyo anakuwa na maswali mawili akilini akingoja kuche: nimpe dawa gani, na pesa zitoke wapi?

Swali la tatu ndilo linaloamua kama mtoto atapona, na ndilo linaloulizwa kwa kuchelewa: tangu usiku ametoa maji kiasi gani, na amerudishiwa kiasi gani?

Kuhara kwa maji matupu kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi. Vinavyojulikana zaidi ni virusi vya rota, ambavyo huwapata hasa watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 2. Viko pia virusi vya noro, adeno na astro. Kwa virusi hivyo hospitali haina dawa ya kuviua. Mwili wa mtoto huvishinda wenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 3 hadi 8, ikiwa haukuishiwa maji kabla ya hapo. Ndiyo sababu kazi ya familia na ya muganga ni moja: kurudisha maji na chumvi vinavyotoka, mapema, bila kungoja choo kigande.

Kwa Kongo jambo hili si dogo. Makadirio ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba watoto karibu 215,000 wenye umri wa chini ya miaka 5 walikufa duniani kwa sababu ya virusi vya rota. Karibu nusu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi nne tu: India, Nigeria, Pakistan na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Virusi vyenye umbo la gurudumu

Hadi miaka ya 1970, waganga ulimwenguni kote walikuwa wakiona watoto wakihara bila kujua sababu. Mwaka 1973, huko Melbourne, Australia, mtafiti Ruth Bishop na wenzake walichukua vipande vidogo vya utumbo wa watoto wagonjwa, wakavitazama kwa darubini ya elektroni. Wakakuta ndani yake vijidudu vya mviringo, vimejaa. Mwaka uliofuata mtafiti wa Uingereza, Thomas Henry Flewett, alipendekeza viitwe rota, neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu, kwa sababu ya umbo lao.

Virusi hivyo hushambulia ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba, pale ambapo chakula na maji huingia mwilini. Ngozi hiyo ikiharibika, kile mtoto anachokunywa hakiingii vizuri, na maji ya mwili yanatoka. Mtoto aliyeambukizwa huanza kuugua baada ya siku 2 hivi.

Njia ya maambukizi ni choo kwenda mdomoni, kupitia mikono, vyombo, vitambaa vya mtoto na vitu vya kuchezea. Virusi vichache sana vinatosha kuambukiza, na vinaweza kukaa siku kadhaa juu ya meza ama kitasa cha mlango. Ndiyo maana kabla ya chanjo karibu kila mtoto duniani alikuwa ameambukizwa kabla ya kutimiza miaka 5, hata katika nchi zenye maji safi ndani ya kila nyumba. Tofauti ni kwamba mtoto wa Ulaya alikuwa akipata maji na chumvi kwa wakati. Wengi wa waliokufa walikuwa Afrika na Asia.

Macho na vidole kabla ya maabara

Wazazi wengi huomba kwanza choo kipimwe. Kipimo hicho kina kazi yake, lakini kina mipaka. Darubini ya kawaida ya kituo cha afya huona amiba na mayai ya minyoo. Virusi haivioni, kwa kuwa ni vidogo mno. Kwa hiyo mtoto anaweza kukutwa na amiba chache, akapewa dawa ya amiba, wakati kinachomharisha ni virusi.

Vipimo vya kutambua virusi vya rota vipo. Kimoja ni kipande kidogo kinachofanana na TDR ya malaria: kinawekwa choo kidogo kilichochanganywa na maji maalum, na baada ya dakika chache mistari inaonekana. Kingine ni ELISA, na kikubwa zaidi ni PCR, ambayo husoma chembe za urithi za virusi. Vipimo hivi viwili vya mwisho ni kazi ya maabara kubwa na ya utafiti. Ni vipimo vya namna hiyo vilivyowawezesha watafiti waliofanya kazi Kisangani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, kukuta kwa watoto wasiochanjwa aina nyingi zisizo za kawaida za virusi vya rota, nyingine zikiwa na sehemu zinazotoka kwa wanyama.

Hata hivyo, jibu la kipimo halibadili matibabu ya asubuhi ile. Mtoto mwenye rota na mtoto mwenye noro wanatibiwa namna moja. Kinachobadili matibabu ni kiasi cha maji ambacho mwili umepoteza, na hicho kinapimwa kwa macho na vidole. Mwongozo unaofuatwa katika vituo vya afya vya Kongo, unaojulikana kwa jina la PCIME, unamtaka muganga atazame mambo manne:

– Hali ya mtoto: yuko macho na anacheza, ama analialia bila kutulia, ama amelegea na haamki?

– Macho yake: yako kama kawaida, ama yameingia ndani?

– Kinywaji: anakunywa kama kawaida, ama anakinyang'anya kikombe kwa kiu, ama hawezi tena kunywa?

– Ngozi ya tumbo: ikishikwa kwa vidole viwili na kuachwa, inarudi mara moja, ama inarudi polepole? Ikichukua zaidi ya sekunde 2, hiyo ni hatari kubwa.

Mambo hayo mama pia anaweza kuyatazama nyumbani, hata usiku kwa taa ya simu. Mtoto asiye na dalili hizo anatibiwa nyumbani. Mwenye dalili mbili za kati, kwa mfano kutotulia na macho yaliyoingia, anatakiwa anyweshwe kituoni mbele ya muganga. Aliyelegea, asiyeweza kunywa, ama ambaye ngozi inarudi polepole sana, anahitaji serumu ya mshipa bila kukawia.

Choo chenyewe nacho kinatoa habari. Chenye damu si kawaida kwa virusi. Huenda ni kuhara damu kunakoletwa na bakteria, na hapo antibiotiki inahitajika. Choo kinachofanana na maji yaliyooshea mchele, kinachotoka kwa wingi, hasa ikiwa watu wazima wa nyumba hiyo pia wanahara, kinaleta wasiwasi wa kipindupindu. Katika mji ulio kando ya Ziwa Kivu, ambako kipindupindu kinajulikana kwa miaka mingi, familia hiyo haipaswi kungoja hata saa moja.

Kijiko kimoja kila dakika 2

Mtoto wa miezi 8 ana uzito wa kilo 8 hivi. Akipoteza nusu lita ya maji, amepoteza zaidi ya asilimia 6 ya uzito wake. Akifikisha karibu asilimia 10, yaani mililita 800, maisha yake yako hatarini. Mtoto anayehara na kutapika anaweza kufika hapo kati ya usiku na mchana wa siku moja.

Maji matupu peke yake hayatoshi, kwa sababu yanayotoka ni maji pamoja na chumvi. Tena utumbo ulio mgonjwa haunyonyi maji kirahisi. Siri ya SRO, ile sashe ya chumvi na glukosi, iko hapa: katika utumbo kuna mlango ambao sukari na chumvi hupita kwa pamoja, na vikipita, maji hufuata. Mlango huo hubaki ukifanya kazi hata mtoto akihara.

Nguvu ya dawa hii ilionekana katika kambi ya wakimbizi. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh viliwakimbiza mamilioni ya watu kuingia India, na kipindupindu kikazuka kambini Bangaon. Serumu za mshipa zilipoanza kwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi na glukosi katika maji na kuwapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo, ambavyo vilikuwa karibu asilimia 30 ya wagonjwa, vilishuka chini ya asilimia 4. Mwaka 1978 jarida la kitiba The Lancet liliandika kwamba ugunduzi huo huenda ukawa hatua kubwa kuliko zote za tiba katika karne ile.

Watu wa Kivu wanajua pia upande mwingine wa habari hiyo. Mwezi wa 7 mwaka 1994, upande wa kaskazini wa ziwa hili, wakimbizi kutoka Rwanda karibu 50,000 walikufa kandokando ya Goma ndani ya mwezi mmoja, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Sashe za chumvi zilijulikana tayari kwa zaidi ya miaka 20. Zilichokosa ni maji safi na mikono ya kuwanyweshea wagonjwa kwa wakati.

Kwa mtoto aliyeanza kuishiwa maji, kipimo ni mililita 75 za SRO kwa kila kilo ya uzito, ndani ya saa 4. Kwa mtoto wa kilo 8 hizo ni mililita 600. Inaonekana nyingi kwa mtoto anayetapika, lakini ukizigawa, ni kijiko kidogo kimoja kila dakika 2. Ndivyo anavyotakiwa anyweshwe: kidogo kidogo, bila kuacha. Akitapika, mama angoje dakika 10, halafu aendelee polepole zaidi. Sehemu kubwa ya alichokunywa inakuwa imekwisha kuingia.

Kwa mtoto ambaye bado hajaishiwa maji, aliye chini ya miaka 2, inatosha kumpa mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa. Kunyonya kunaendelea, mara nyingi kuliko kawaida. Chakula kinaendelea pia. Kumnyima mtoto uji ili "tumbo lipumzike" kunamdhoofisha tu. Akipona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa muda wa wiki 2.

Kosa linalotokea mara nyingi ni la kipimo cha maji. Sashe nyingi za SRO zimetengenezwa kwa lita 1 kamili. Chupa ya bia ya sentilita 72 si lita 1. Ukitia humo sashe nzima, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Ukitumia chupa ya maji ya lita moja na nusu, jaza theluthi mbili. Maji yawe yamechemshwa na kupoa, ama yametiwa dawa. Mchanganyiko ukipitisha saa 24, umwagwe na kutengenezwa mwingine. Pale ambapo sashe haipatikani, njia ya kushikilia hadi kufika kituoni ni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu.

Pamoja na SRO kuna zinki. Tangu mwaka 2004, OMS na UNICEF wanashauri kila mtoto anayehara apewe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, ama miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Inapunguza siku za kuhara na inamkinga mtoto kwa miezi 2 hadi 3 inayofuata. Wazazi wengi huikatisha siku ya tatu wakiona choo kimeganda, na hapo faida ya pili inapotea.

Dawa nyingi, maji kidogo

Shida ya SRO ni kwamba haizuii choo siku ya kwanza. Mama anayeinunua anaona mtoto anaendelea kuhara, anasema dawa haifanyi kazi. Farmasi iko karibu na nyumba, na hapo kuna vidonge vinavyoonekana vyenye nguvu zaidi.

Antibiotiki haiui virusi. Kumpa mtoto mwenye kuhara kwa maji matupu antibiotiki ni kupoteza pesa, na kunaweza hata kuongeza kuhara. Dawa za kufunga tumbo kama loperamide hazipaswi kupewa mtoto mdogo kabisa: zinaweza kusimamisha utumbo, na maji yakabaki ndani ya tumbo lililovimba wakati mwili unakauka. Lavema ya majani kwa poare, ambayo familia nyingi za Kongo huizoea, inatoa maji zaidi kwa mtoto ambaye tayari anayakosa, na inaweza kuumiza utumbo. Kung'oa yale yanayoitwa "meno ya plastiki" ni kumtoa mtoto damu kwenye ufizi bila sababu, kwani yale ni meno yake ya utotoni yanayoota.

Tahadhari moja ni ya waganga zaidi kuliko wazazi. Kivu Kusini ina watoto wengi wenye utapiamlo. Kwa mtoto aliyekonda sana, macho huwa yameingia na ngozi hulegea hata kama maji hayajapungua, na serumu nyingi ya mshipa inaweza kuuzidi moyo wake. Mtoto wa namna hiyo ana mchanganyiko wake maalum, unaoitwa ReSoMal, na anatibiwa hospitalini. Ndiyo maana kupima mkono kwa utepe na kutazama kama miguu imevimba ni sehemu ya kumpima mtoto anayehara.

Ng'ambo ya Ruzizi

Kutoka Bukavu, ukivuka daraja la Ruzizi unaingia Rwanda kwa dakika chache. Watoto wa pande zote mbili wanaishi kwenye vilima vilevile na hupata virusi vilevile. Lakini Rwanda ilianza kutoa chanjo ya rota kwa watoto wote mwezi wa 5 mwaka 2012. Kongo iliianza mwaka 2019.

Matokeo ya upande wa pili yalipimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika hospitali za Rwanda zilizofuatiliwa, watoto waliolazwa kwa sababu ya virusi vya rota walipungua kwa asilimia 61 hadi 70 katika miaka ya 2013 na 2014.

Chanjo hiyo haidungwi. Mtoto hupewa mdomoni, kuanzia wiki ya 6, siku ileile ya chanjo nyingine za umri huo, na inarudiwa kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi. Virusi vya rota hupendelea watoto wa miezi 6 na kuendelea, kwa hiyo anayemaliza dozi zake kwa wakati anafika umri huo akiwa na kinga. Mara chache sana, chanjo inaweza kuleta shida ya utumbo kujikunja ndani yake. Mtoto anayelia kwa vipindi, tumbo limevimba, na choo kina damu siku chache baada ya chanjo, apelekwe hospitali. Nchi zilizopima hatari hiyo zimeikuta ndogo sana ikilinganishwa na watoto wanaookolewa.

Chanjo haimkingi kila mtoto. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba ilizuia kuhara kukali kwa rota kwa asilimia 77 huko Afrika Kusini, lakini kwa asilimia 49 Malawi. Tena haihusu noro, kipindupindu wala kuhara damu. Mtoto aliyechanjwa bado anahitaji mama anayejua kutumia kijiko, na bado anahitaji maji safi.

Hapo ndipo Bukavu inapobanwa. Mji huu, unaokadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja, umejaa nyumba zinazobanana juu ya miteremko, choo kimoja kikitumiwa na familia kadhaa. Katika kata nyingi bomba hukaa bila maji, na bidoni hupanda mlima juu ya vichwa vya wamama na watoto. Nyumba inapopata bidoni 2 kwa siku, kunawa mikono kunakuwa hesabu. Basi maji kidogo yaliyopo yatumike pale yanapookoa zaidi: mikono inawe kwa sabuni, ama majivu sabuni ikikosekana, baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kumlisha. Maji ya kuoshea vitambaa vyake yamwagwe chooni, si kwenye mfereji unaopita mbele ya jirani.

Mtoto wa miezi 8 aliyeanza kutapika usiku anaweza kuwa anacheza tena baada ya wiki moja, bila virusi vyake kujulikana jina. Inategemea kama sashe 2 za SRO zilikuwa ndani ya nyumba kabla ya usiku ule, na kama kijiko cha kwanza kilianza kabla ya jua kutoka. Na akianza kulegea, akakataa kunyonya, akatapika kila kitu, akatoa damu, ama akapitisha saa 6 bila kukojoa, asingoje asubuhi: apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, na mama aendelee kumnywesha kidogo kidogo njiani maadamu bado anaweza kumeza.